Epson V600 kwenye Linux Mint: lsusb yaiona, skana haionekani (na negativu 6x6 za marehemu baba)

BintiLangoni

Asalaam alaykum jamaa. Mtanisamehe kwa maneno mengi, lakini nimeshajua kwamba humu ukiandika mafupi unarudishiwa maswali kumi.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni, nina kiduka cha fotokopi. Wateja wangu ni wa vitambulisho, vyeti vya shule, hati za mashamba ya bara, na manahodha wanaotaka nakala za karatasi za vyombo vyao. Kazi hiyo naifanya kwa Canon LiDE 110, na sijutii. Haina plagi ya ukutani, inakula stima ya USB tu, kwa hiyo umeme ukikatika betri ya laptopu inaibeba na mteja anaondoka na karatasi yake. Laptopu ni ThinkPad kuukuu niliyoitia Linux Mint siku Windows ilipoanza kwenda mwendo wa punda aliyegoma.

Shida yangu si ya duka. Marehemu baba alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja, pazia lililochorwa minazi na mashua, na kamera ile ya lenzi mbili ambayo unaichungulia kwa juu. Ameacha makopo matatu ya biskuti yamejaa negativu, karibu zote nyeusi na nyeupe za mraba, 6x6 (sentimita). Ziko ndani ya bahasha za kaki, na juu ya kila bahasha kaandika jina la bwana harusi, mwezi, na neno moja: "amelipa" au "bado". Wa "bado" ni wengi kuliko nilivyodhani. Mama hataki yeyote ayaguse makopo. Nilipoyafungua aliniambia, "Hayo ni mato ya babako, yashike taratibu," yaani macho yake.

Sasa. Mwezi uliopita nilisikia kuna Mtaliano Malindi anarudi kwao anauza vitu vya nyumbani. Nikapanda basi, nikampata, nikanunua Epson Perfection V600 na vibao vyake vya kushikia filamu, shilingi 14,000. Alinionyesha ikifanya kazi kwenye kompyuta yake ya Windows, picha ikatoka safi kabisa. Nikarudi nayo imo mapajani kutoka Malindi mpaka Mokowe, na kwenye boti nikaifunika kwa leso mbili isirukiwe na maji ya chumvi.

Nyumbani: nimechomeka, taa inawaka, kitu kinanguruma ndani halafu kinanyamaza. `lsusb`, amri ya kuorodhesha vitu vya USB, inaniandikia `04b8:013a` na jina la Epson. Lakini `scanimage -L`, amri ya kutafuta skana, inasema hakuna skana. Programu ya Simple Scan, hakuna. XSane, hakuna. Nimebadilisha waya, nimezima nikawasha, nimesoma Ayatul Kursi. LiDE 110 inaonekana bila shida kwenye tundu lilelile.

Maswali yangu:

Kwanza, hii V600 imekufa njiani, au Linux haiitaki?

Pili, kama haiitaki, nilikosea kununua? Niuze nitafute skana ya filamu peke yake?

Na la tatu dogo: hiyo LiDE tangu nihamie laptopu hii inaskani karatasi ya kwanza vizuri, ya pili inaleta `Invalid argument`, mpaka nichomoe waya nichomeke tena. Siku ya foleni wateja wananitazama kama nawachezea.


fundi_mldi

Waalaykum salaam dada. Skana yako nzima. Ile kunguruma ni kichwa kinajipima, iliyokufa haingurumi hivyo. Ila ulipofika nyumbani ulifungua kufuli ya safari? Skana nyingi za kioo zina kidude nyuma au chini cha kuzuia kichwa kisigongegonge njiani. Mtaliano akiwa mstaarabu atakuwa aliifunga kabla hujaondoka. Kagua kwanza, dakika moja tu.

Sasa twende kwenye mzizi. `lsusb` haijui skana ni nini. Inaona tu kwamba upande wa pili wa waya kuna kitu na kimetaja namba yake. Anayezungumza na skana ni SANE, mfumo wa Linux wa kuendesha skana, na ndani yake una madraiva mengi, kila moja na ukoo wake. LiDE 110 yako iko chini ya genesys, ndiyo maana ilikubali bila wewe kugusa kitu. LiDE 300 na 400, ambazo kwa macho ni dada zake, zinatumia draiva nyingine kabisa, pixma. Epson nyingi za zamani ziko chini ya epson2. V600 haimo katika yoyote kati ya hizo. Wenyewe Epson walitoa kifurushi chao kwa Linux, iscan, chenye draiva inayoitwa epkowa, na juu yake kipande kimoja kilichofungwa ambacho ndicho kinachojua lugha ya V600. Mint haiji nacho. Ndiyo maana unaambiwa hakuna skana.

Fanya hivi. Nenda kwenye ukurasa wa Epson wa kupakua vitu vya Linux, tafuta V600, chukua kifurushi cha deb cha biti 64. Jina lake lina `iscan-gt-x820-bundle`, kwa sababu GT-X820 ndilo jina la V600 huko Japani. Kifungue, ingia ndani ya folda, endesha `sudo ./install.sh`. Halafu jaribu `scanimage -L`.

Naweza kukubashiria: bado itasema hakuna. Usivunjike moyo. Kifurushi hicho ni cha zamani, kinaweka mafaili yake `/usr/lib/sane`, na Mint ya leo inayatafuta `/usr/lib/x86_64-linux-gnu/sane`. Mgeni ameshafika, ila amebisha mlango wa jirani. Mwonyeshe njia:

`sudo ln -sfr /usr/lib/sane/libsane-epkowa* /usr/lib/x86_64-linux-gnu/sane/`

Kama folda ya kwanza haipo, angalia `/usr/lib64/sane`. Chomoa skana, chomeka, jaribu tena. Ikiwa `sudo scanimage -L` inaiona na wewe bila sudo huioni, basi ni ruhusa: jiongeze kwenye kundi kwa `sudo usermod -aG scanner $USER`, utoke, uingie upya. Lakini usiwe na mazoea ya kuskani kwa sudo, mafaili yatakuwa ya root (msimamizi wa mfumo) na siku moja utashindwa kuyafuta.

Na la LiDE. Laptopu mpya kwako ina matundu ya USB 3, yale yenye ulimi wa buluu ndani. Skana za kizamani na matundu hayo hazielewani vizuri, ya kwanza inapita, ya pili inakwama. Ukiwa na tundu lisilo la buluu tumia hilo. Ukikosa, weka mstari huu mwisho wa faili `~/.profile`:

`export SANE_USB_WORKAROUND=1`

Toka, ingia tena. Mimi hii imeniokolea LiDE tatu za wateja waliokuwa tayari kuzitupa.


lenzi_tupu

Mimi naona mnajitesa. Skana za filamu zimepitwa na wakati. Chukua kamera yoyote nzuri, lenzi ya makro (ya kupiga vitu kwa karibu), taa nyeupe chini ya negativu, piga. Fremu moja sekunde moja. Hakuna draiva, hakuna SANE, hakuna kubisha milango ya jirani. Au kama lazima skana, nunua Plustek OpticFilm, ni ya filamu kweli, si hiyo meza ya kioo.


fundi_mldi

@lenzi_tupu hukusoma. Negativu zake ni 6x6. OpticFilm 7000 na 8000 zinameza filamu ya milimita 35 peke yake, ile ya mraba haiingii hata ukiisukuma. Kwa mwenye makopo ya milimita 35 ningemwambia hivyohivyo, kadhaa kati ya hizo zinaendeshwa na genesys bila kulipa senti. Kwa huyu dada V600 ndiyo inayomfaa. Kamera na makro ni wazo zuri kwa aliyenazo.


BintiLangoni

Sina makro. Na hata ningekuwa nayo, nyumba yetu ni ya ghorofa, sakafu ya boriti na chokaa. Mtoto wa dadangu akikimbia chumba cha pili, kikombe cha chai kwangu kinatikisika. Kamera juu ya kigoda humo itapiga picha za mawimbi.

Fundi, Mungu akuzidishie. Kufuli ilikuwa nyuma, na kweli ilikuwa imefungwa! Nikaifungua. Kifurushi kimekubali, ikasema hakuna skana kama ulivyosema, nikaweka ule mstari wa `ln`, nikapiga `scanimage -L`, ikajibu `epkowa:interpreter:001:009`. Nilipiga vigelegele peke yangu dukani, mteja akaniuliza nani kaolewa.

Karatasi inaskani vizuri sana. LiDE nayo imetulia, leo nimepita vyeti kumi na tisa mfululizo bila kuchomoa waya.

Lakini filamu. Nimeweka kibao, nimeweka negativu, nimeskani, nimepata weusi mtupu. Si picha ya giza, ni weusi kama makaa, na kwenye ukingo kuna mstari mwembamba wa kijivu. Nimejaribu fremu tano tofauti. Je, chumvi imeingia kwenye taa?


fundi_mldi

Hahaha. Samahani dada, sikucheki wewe, najicheka mwenyewe, nilipata V500 ya mteja nikakesha nayo kwa sababu hiihii.

Fungua kifuniko uangalie upande wake wa ndani. Kuna bamba jeupe, la kufunikia karatasi. Lile linatoka. Livute juu taratibu, litateleza. Nyuma yake ndiko ilikojificha taa ya filamu. Ukiskani karatasi, mwanga unatoka chini na kurudi. Ukiskani filamu, mwanga lazima utoke juu upite ndani ya negativu, na wewe umeweka pazia katikati.

Mambo mengine mawili papo hapo. Taa hiyo inamulika ukanda mmoja tu wa katikati ya kioo, kwa hiyo kibao lazima kikae pale kinapoelekezwa, huwezi kutandaza negativu kioo kizima. Na ule uwazi mdogo kwenye kichwa cha kibao usiuzibe kwa kitu chochote, hata ncha ya bahasha. Hapo ndipo skana inaposoma mwanga mtupu kabla ya kuanza. Ukiuziba unapata mistari ya ajabu kutoka juu hadi chini.

Halafu mwambie wazi kwamba unataka taa ya juu. Kwenye XSane ni sehemu ya kuchagua chanzo. Kwa amri:

`scanimage --source "Transparency Unit" --mode Gray --depth 16 --resolution 2400 --format=tiff > bahasha014_01.tif`

Usidanganyike na 6400 (nukta kwa inchi) iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni hesabu ya nukta za sensa, si ya ukali wa lenzi. Ukipita 2400 kwenye skana hii unanunua mafaili makubwa yenye ukungu uleule. Piga hesabu: fremu ya 6x6 ina picha ya milimita 56 kwa 56. Kwa 2400 ni kama pikseli 5,290 kila upande, karibu milioni 28. Kwa kijivu cha biti 16 faili moja ni kama megabaiti 56. Fremu elfu moja, gigabaiti 56. Diski ya nje ndogo inatosha, lakini nunua mbili, moja ikae kwa ndugu yako mtaa mwingine.

Skani kama zilivyo, nyeupe ikiwa nyeusi. Kugeuza ni kazi ya baadaye, ndani ya programu za picha kama GIMP au darktable. Original usiiguse.


MzeeShela

Mwanangu, nimesoma yote kimya, maana ya draiva siyajui. Lakini makaratasi na filamu nimeyatunza miaka mingi katika kazi yangu kabla sijastaafu, na kuna jambo umelisema mapema ambalo limenikosesha usingizi. Makopo ya biskuti.

Yafungue yote leo. Chukua kila bahasha uinuse. Ndiyo, inuse. Filamu hizo zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza yenyewe na kutoa siki. Siki ile ikifungiwa ndani ya kopo inawaozesha wenzake. Bahasha inayonuka siki itenge mbali na nyingine na uiskani kwanza, kabla hata ya zile unazozipenda. Filamu ile itajikunja, kisha itasinyaa, kisha tabaka la picha litaumuka kama chapati, na hapo hakuna mashine itakayokusaidia. Zinazobaki usizirudishe ndani ya kopo lililofungwa. Boksi la karatasi lenye nafasi ya hewa, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zinakunywa maji wakati wa kusi, unazijua.

Ukiona vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui juu ya negativu, hiyo ni kuvu. Usiioshe kwa maji. Watu wengi wamepoteza picha hapo. Kuvu inakula gelatini na kuifanya iyeyuke, ukiitia maji tu picha inaondoka na maji. Ikaushe, ipeperushe kwa kile kipira cha kupulizia masikio ya watoto (kipya, si cha mtoto), uiskani na kuvu yake. Na usipulize kwa mdomo. Mate yataacha madoa. Wala usifute kwa ncha ya leso, hata iwe ya hariri.

Vile vifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wanavyoandika usile, vikusanye. Waambie wauza viatu wakuwekee. Tia vichache ndani ya boksi, ubadilishe.

Kazi yenyewe, kama unaweza kuchagua, ifanye msimu wa kaskazi. Hewa ni kavu. Zikiwa zimejikunja na ukizitia kwenye kibao zikalegea zikagusa kioo, utaona duara za rangi kama mafuta juu ya maji. Dawa yake ni kuzilaza chini ya vitabu vizito siku nne tano, na ikishindikana, igeuze filamu, upande usiong'aa ukae chini. Upande ule mkavu haufanyi duara.

Babako, kama ni yule ninayemdhani, alinipiga mimi picha ya pasipoti. Angalia kwenye bahasha kama nimeandikwa "bado".


BintiLangoni

Mzee wangu, shikamoo. Nimenusa zote, mama akanitazama kama nimeingiwa na jini. Kopo la tatu, la chini kabisa, bahasha kumi na moja zinanuka siki wazi. Nimezitenga kwenye boksi la viatu, na ndizo nilizoanza nazo.

Bamba limetoka, weusi umetoka. Ile ya kwanza iliyoonekana kwenye skrini sikuielewa, mpaka nilipoigeuza rangi nikaona ni pazia la minazi. Lile pazia lilikuwa limekunjika pembeni, na nyuma ya mkunjo unaona ndoo ya maji na sandali za baba. Kwenye picha zilizochapishwa hazimo, alikuwa anazikata. Nimezisogelea kwa asilimia mia, kamba ya sandali moja imefungwa na waya.

Duara za rangi nilizipata kama mzee alivyosema, hizi za siki zimejikunja vibaya, na vitabu havijazimaliza. Nikazigeuza upande usiong'aa chini. Duara zimekwisha. Nimefanya hivyo kwa fremu arobaini na mbili.

Swali la pembeni kwa mzee. Baba ameacha pia daftari mbili za hesabu, ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kalamu ya risasi na wino uliofifia, karatasi nyembamba mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. LiDE inayachanganya yote. Na kati ya LiDE na V600, niskani kwa ipi?


MzeeShela

Marahaba mwanangu.

Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, nyeusi kabisa, kama zile za kufungia sahani za picha. Mwanga hautarudi kutoka upande wa pili na maandishi ya nyuma yatapotea karibu yote. Skani kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, hata kama unaona ni nyeusi na nyeupe. Wino uliofifia ni wa kahawia, risasi ni ya kijivu, na rangi ndiyo itakayokusaidia kuvitenganisha baadaye.

Daftari lililoshonwa tumia V600. Hiyo LiDE inaona tu kilichobanwa kwenye kioo, mshono wa katikati unageuka ukungu, na ukiubana kwa nguvu unavunja uzi. Karatasi moja moja, LiDE inatosha.


fundi_mldi

Naongeza kwa faida ya wanaosoma: kusomesha maandishi kwa kompyuta, programu ya Tesseract ina kifurushi cha Kiswahili, `tesseract-ocr-swa`, kwa herufi za Kirumi zilizopigwa chapa. Daftari la mkono kwa herufi za Kiarabu hilo ni la kusoma mwenyewe, au na mzee pembeni.


BintiLangoni

Nimerudi na aibu kidogo.

Jana usiku niliwaonyesha mama na shangazi zile arobaini na mbili kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Wanataja majina, wanataja waliokufa, wanabishana nani alimwoa nani kwanza. Tukafika kwa bwana harusi mmoja, amekaa kwenye kiti, kofia ya vito, kanzu na koti, mkononi kikombe kidogo cha kahawa ameinua kama anakunywa. Mama akanyamaza. Akasogea karibu na skrini. Akasema, "Huyu namjua. Mtu mwenye adabu zake. Hawezi kunywa kahawa kwa mkono wa kushoto."

Shangazi akasema labda baba alimwambia ashike hivyo kwa ajili ya picha. Mama akasema marehemu angemchapa fimbo kabla ya kumpiga picha hiyo. Nikarudi nyuma kwenye fremu nyingine. Saa zote mkono wa kulia. Bibi harusi wote pete mkono usio wake. Mashua ya kwenye pazia inakwenda upande wa pili wa ile iliyoko kwenye picha ya ukutani sebuleni.

Nimezigeuza upande usiong'aa chini, kwa hiyo skana imeziona kwa nyuma. Zote arobaini na mbili. Nirudie?


fundi_mldi

Usirudie. Hakuna kilichopotea, kila nukta iko palepale, ni kioo tu. Nakili folda nzima kwanza, halafu ndani ya nakala:

`mogrify -flop *.tif`

Ni `-flop`, si `-flip`. Ukikosea hiyo, bwana harusi atakunywa kahawa kichwa chini. Kama huna amri hiyo, `sudo apt install imagemagick`. Na kuanzia sasa, bahasha unazoskani upande huo zitie alama jina la faili, k.m. `_g`, usije ukazigeuza mara mbili.

Mzee hakukosea, ndiyo njia ya kuua duara. Nilipaswa kukwambia nusu ya pili.


BintiLangoni

Nimegeuza. Anakunywa kwa mkono wa kuume. Mama ameniambia niichape hiyo kubwa nimpelekee mjukuu wake huko Pate, ila kwanza niangalie bahasha.

"Bado."

Mzee wa Shela, yako nimeipata pia. Umelipa.